Swali la Pili Kwenye Theluji

Stratford, London
Jumamosi jioni

Mwanangu mpenzi Felista,

Katika shule ya misheni kule Unguja, padri aliyetufundisha kuandika barua alitaka mstari wa kwanza umjulishe msomaji kwamba mwandishi hajambo. Niwie radhi, barua hii haianzi hivyo. Sababu yake ndiyo barua yenyewe, nami nakuomba uisome mpaka mwisho, polepole na kwa sauti, kama ulivyokuwa ukisoma somo la kwanza kanisani, maana najua macho yako yamezoea Kiingereza. Ningeweza kukuandikia kwa Kiingereza. Ila mambo haya yalinipata kwa Kiswahili, na nikiyahamisha yatapoa.

Begi lako kubwa liko karibu na mlango. Kesho asubuhi Baba yako Mdogo Gabrieli atakuja na gari lake akupeleke kambini, na kutoka huko utaelekea kaskazini kabisa ya Norwei, mahali ambapo kipupwe kikikolea jua halichomozi. Sitakueleza habari za soksi, wala glavu, wala kutoshika chuma kwa mkono mtupu. Wakufunzi wako wanayajua hayo kuliko mzee anayelala na chupa ya maji moto. Nataka kukueleza jambo ambalo hawatalijua, kwa kuwa hawakulelewa kama tulivyolelewa mimi nawe.

Lakini kwanza niseme lililo moyoni, nawe unisamehe. Uliponiambia umejiunga na jeshi la akiba, na kwamba Jumamosi zako zitakuwa za kufundisha askari huduma ya kwanza, nilikubali. Uliniambia, "Baba, nitabaki hapa hapa. Ni kazi ile ile ya ambulensi, nguo tu ndizo tofauti." Nikakuamini. Kumbe ulikuwa umekwisha kuomba kwenda kaskazini, na aliyekuandikia barua ya udhamini ni Gabrieli. Sikuyasikia kwako. Niliyasikia Jumapili iliyopita ukumbini baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi, Gabrieli akija kutoka upande wa pili huku mikono imetandazwa kama bwana harusi.

"Beni! Hongera, ndugu yangu! Simba amezaa simba. Mtoto anakwenda barafuni!"

Watu wakageuka. Mama wa kwaya akapiga kigelegele. Nilikutazama, nawe ukatazama sahani ya sambusa.

Nikasema, "Ahsante, ndugu yangu."

Hayo ndiyo niliyosema, Felista. Ahsante. Nikapokea hongera za kila mtu, nikaeleza kwamba ndiyo, ni heshima kubwa. Nyumbani ulikuja ukasimama kwenye mlango wa chumba changu, ukaniuliza kwa Kiswahili, wewe ambaye umekuwa ukinijibu kwa Kiingereza tangu ulipoanza shule: "Baba, hujambo?"

Nikajibu, "Sijambo, mwanangu."

Ukashusha pumzi, ukarudi chumbani kwako. Punde nikakusikia ukiimba huku ukikunja nguo. Nilikaa kitandani na viatu vyangu vya Jumapili miguuni, na nilihisi nimerudi miaka zaidi ya arobaini nyuma, kwenye theluji, siku ile niliyojibu neno lile lile.

Wewe umeijua hadithi ya mguu wangu tangu utotoni, lakini umeijua kwa kinywa cha Gabrieli. Kila alipokuja kula pilau alikusimulia: taa za kijani zinazocheza angani, swala wa barafuni wenye pembe kama matawi, na baridi ambayo, niwie radhi kwa lugha yake, "mtu akikojoa, mkojo unafika chini ukigonga kama sarafu." Ulicheka mpaka ukapaliwa. Na kila mara alimalizia kwa kunishika bega: "Na babako huyu! Vidole vinakufa, yeye kimya. Hakulalamika hata mara moja. Shujaa!" Nami nilitabasamu, nikamwongezea kachumbari.

Juzi, tulipogombana mezani, ulinionyesha ramani kwenye simu yako. Ulinieleza kwamba barafu ya kaskazini inayeyuka, njia za meli zinafunguka, kuna nyaya chini ya bahari zinazobeba mazungumzo ya nusu ya dunia, na nyambizi za Warusi zinapita hapo kimya kimya. "Nani atalinda, Baba? Lazima wawepo watu walio tayari." Sikubishana nawe. Huenda ni kweli. Sisi nasi tuliambiwa hayo hayo, juu ya adui huyo huyo, isipokuwa siku hizo barafu ilikuwa nene zaidi. Kilichonichoma si ramani. Ni ulichosema ulipokuwa ukiondoa sahani: "Nataka kuwa kama wewe. Wewe hukulalamika."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nimeibiwa mara mbili na mtu mmoja.

Sasa sikiliza yaliyokuwa.

Mimi na Gabrieli tulikaa dawati moja. Baada ya mapinduzi, baba yake na baba yangu, ambao walikuwa makarani wa serikali iliyoanguka, hawakuwa na neno jema la kutuambia kuhusu kesho, nasi tuliondoka pamoja. Tulifika London tukiwa na koti moja zito, tukilivaa kwa zamu. Jeshi lilikuwa likichukua vijana wa Jumuiya ya Madola, na ndani ya jeshi kulikuwa na chakula, kitanda, na makoti mawili. Tukajiandikisha siku moja. Niliwekwa ghalani; Gabrieli, mwenye mdomo mtamu, hakukawia kupewa cheo cha koplo wa muda.

Kikosi chetu kilipelekwa Norwei kujifunza kukaa kwenye baridi. Nakuambia ukweli, sehemu kubwa ya utayari ule ilikuwa kungoja. Tulingoja theluji iyeyuke kwenye sufuria, tukangoja buti zikauke, tukangoja adui ambaye hatukumwona hata siku moja. Na kulikuwa na sheria moja niliyoipenda kuliko zote, nadhani hata leo ipo: kila askari ana mwenzake. Mwenzako hutazama uso wako, kwa sababu pua yako huwezi kuiona ikigeuka nyeupe. Jioni, hemani, mwenzako hukuvua soksi akaikagua miguu yako, nawe ukaikagua yake. Ikiwa imekufa ganzi, anafungua shati na kuiweka tumboni pake, ngozi kwa ngozi, mpaka damu irudi.

Mwenzangu alikuwa Gabrieli. Ametia miguu yangu tumboni mwake mara nyingi, akilia na kucheka. "Miguu yako samaki wa jokofu, Beni! Ungeoa mapema, kazi hii ingekuwa ya mkeo!" Nami nilimjibu kwamba tumbo lake ni jiko zuri, kuni zake ni viazi vya askari wengine. Sikuwahi kumpenda mtu, kabla ya mama yako, kama nilivyompenda Gabrieli katika hema lile. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani nasimulia habari za adui.

Siku moja kabla ya ukaguzi mkuu nilitumbukia. Theluji ilikuwa imefunika kijito. Mguu wangu wa kushoto ukapasua barafu, maji yakaingia ndani ya buti. Gabrieli aliniona. Alinivuta mwenyewe kwa mkanda. Tulikuwa safarini, hakukuwa na ruhusa ya kusimama, tukaendelea. Kufikia asubuhi ya ukaguzi mguu ulikuwa umeacha kuuma, na wewe tabibu unajua kwamba maumivu yakikoma ndipo pa kuogopa.

Wakubwa walikuja kutazama kama kikosi chetu kinaweza kuishi nje bila kupoteza mtu kwa baridi. Kundi litakalotoa mgonjwa litahesabiwa limeshindwa, na koplo wake atabaki alipo. Gabrieli alikuwa ameahidiwa usajini. Afisa alisimama mbele yetu, akasema, "Watu wako wazima, koplo?"

Gabrieli akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu: "Beni, hujambo?"

"Sijambo," nikasema.

"Mzima kabisa, Bwana," akamwambia afisa kwa Kiingereza.

Felista, wewe umelelewa katika nyumba hii, unajua. Kwetu mtu akiulizwa hali, jibu la kwanza ni la heri. Hata kwenye msiba watu huulizana habari, wakajibu njema, ndipo wakaeleza nani amefariki. Jibu la kwanza ni mlango tu. Aliyekuuliza akikupenda, anauliza tena, na hapo ndipo unapomkaribisha ndani. Nilikuwa nimefungua mlango. Nilimtazama Gabrieli machoni nikingoja swali la pili. Aliinama akakaza ukanda wa begi lake, ambao ulikuwa umekwisha kukazwa.

Mpaka leo nasema, pengine aliona haya mbele ya afisa. Ningemsamehe hilo. Lakini ilikuja jioni. Tuliingia hemani, tukala, nikakaa ninyooshe mguu kama kila siku. Gabrieli akasema, "Nimechoka, ndugu yangu," akajifunika, akanipa mgongo. Hakunivua soksi. Angeivua angeona, na akiona ingemlazimu kuripoti, na ukaguzi ulikuwa unamalizika kesho yake.

Nawe utauliza kwa nini sikuivua mwenyewe, au sikumgusa bega nikasema, "Gabrieli, mguu wangu umekufa." Nimejiuliza swali hilo katika kila chumba nilichowahi kulala. Jibu langu halina utukufu wowote. Niliona si adabu. Amechoka, nimemjibu hadharani kwamba sijambo, na sasa nimfanye mwongo mbele ya wakubwa wake? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilinila ndani ya soksi, nami nikawa nakiomba radhi.

Vidole vilikatwa. Baada ya hapo kukawa na baraza dogo la uchunguzi, kwa sababu jeshini askari anayeuacha mwili wake uharibike kwa uzembe ana makosa, kama aliyeharibu bunduki. Meja aliyeketi pale hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza Gabrieli, "Ulikuwa mwenzake. Ulimwuliza hali yake?"

"Nilimwuliza, Bwana. Kwa lugha yetu wenyewe."

"Akasema nini?"

"Akasema hajambo, Bwana."

"Na mtu wa kwenu akisema hivyo, koplo, ndiyo kusema ni mzima?"

Nilikuwa nimekaa karibu naye, magongo yangu yameegemea meza. Nilifikiri: sasa atasema. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii yote ya barafu anayeweza kumweleza meja yule kwamba kwetu huulizwa mara mbili. Ni yeye tu.

"Ndiyo, Bwana," akasema. "Ni mzima."

Meja akanigeukia na kuniuliza kama nina neno. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikasema, "Sina, Bwana. Ahsante."

Nilitolewa jeshini kwa uzembe wangu mwenyewe. Gabrieli akapewa usajini. Alikuja kunitazama hospitali na kopo la mananasi, akakaa kitandani kwangu, akasema, "Pole, Beni. Mungu ni mwema, amekuachia vidole vingine." Nikacheka. Nimekuwa nikicheka naye tangu siku ile, na sijawahi kumwambia.

Unaweza kuniona mpumbavu. Mama yako aliniona hivyo. Agnesi alikuwa muuguzi katika wadi ile, binti wa Tanga, hana muda wa kupoteza. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele yangu: "Hujambo, kaka?" "Sijambo, dada." Akaweka sinia chini. "Hiyo nimekuuliza kwa adabu. Sasa nakuuliza kwa kazi. Mguu unauma wapi?" Nadhani nilimposa moyoni kabla hajamaliza sentensi. Yeye alinitoa habari yote siku ile ile, na hakumpenda Gabrieli mpaka anakufa. Ulipozaliwa nikataka Gabrieli awe baba yako wa ubatizo, mama yako alikataa kwa juma zima. Alisema, "Benedikti, mtu aliyeogopa kukuvua soksi wewe, unampa mtoto wangu amshike juu ya maji?" Nilimbembeleza mpaka akachoka. Kosa hilo ni langu peke yangu, na matunda yake ndiyo hilo begi mlangoni.

Lakini nataka uelewe kwa nini, si ili unitetee. London ya siku zile ilikuwa na baridi yake. Barua kutoka nyumbani zilikoma. Watu wetu walitawanyika, wengine hatukujua makaburi yao. Gabrieli ndiye mtu pekee katika mji huu aliyemjua mama yangu, aliyekula mikate yake, aliyeweza kuiga jinsi alivyokohoa kabla ya kukemea. Kama ningemwambia, "Uliniuza," ningemkosa yeye, na yeye angeondoka na mama yangu. Nikaona bora nipoteze haki yangu. Nilidhani naweza kulipa bei hiyo peke yangu. Sikujua kwamba atakuja siku moja kuichukua aibu yake, aivike nguo ya ushujaa wangu, na kukuuzia wewe mezani pangu, kwa kijiko changu cha pilau.

Wala siwezi kusema ni yeye tu aliyekufundisha. Ulikuwa na miaka saba au minane, tulikuwa na wageni wa kanisa, nawe uligusa pasi ya moto kule jikoni. Ukaja sebuleni umeficha mkono nyuma. Mzee mmoja akakuuliza, "Hujambo, Felista?" Ukasema, "Sijambo, shikamoo," ukapiga goti vizuri. Nikawageukia wageni kwa fahari, nikasema, "Mnaona? Amezaliwa London, lakini adabu ni ya kwetu." Ni mama yako aliyekushika mkono na kuona ngozi imevimba. Aliniambia mbele ya wageni wote, "Unalea mtoto au unalea adabu?" Nilikasirika kwa kuaibishwa. Leo usiku ningetoa mguu wa pili nirudishiwe dakika ile, nikuulize mara ya pili kabla yake.

Kovu lile ungali nalo, kando ya kidole gumba. Naomba liwe mwenzako kule uendako. Mkuu wako atapita mbele ya mstari akikuuliza kwa haraka kama uko sawa, na ukaguzi utakuwa ni kesho, na rafiki yako mpenzi atakuwa anangoja cheo. Wote watakuwa watu wazuri. Gabrieli naye alikuwa mtu mzuri. Usingoje swali la pili kwa mtu yeyote. Anza na baya: sema mguu wangu hausikii, uso wangu umekufa, naogopa. Na wale walio chini ya mikono yako, watoto wa watu kutoka kila nchi, wengine wao watakuwa wamelelewa kama sisi. Watakuambia ni wazima. Wavue soksi.

Hayo ndiyo yote niliyojifunza katika baridi, na ningetaka uyapate bila kulipia.

Limebaki moja. Nimekuwa na uchungu nawe juma hili lote, na nimekuwa nikikupa sahani yako kwa mikono miwili, kwa upole mwingi, kama mgeni. Nisamehe. Huo haukuwa upole, ulikuwa ni mgongo wangu hemani. Ulinificha jambo lako kubwa, mwanangu, ukalipeleka kwa mtu mwingine, na imeniuma kuliko kisu cha daktari. Lakini nikikuacha uondoke na "sijambo" yangu ya Jumapili mfukoni, nitakuwa nimekuficha kubwa zaidi.

Kesho Gabrieli atabisha hodi mapema, kama kawaida yake, na maneno matamu. Nitamfungulia. Nitamkaribisha chai, kwa sababu ni nyumba yangu. Kisha, kabla hamjabeba begi, nakuomba usimame pale mlangoni pangu ulipokuwa umesimama Jumapili, uniulize tena hali yangu. Uniulize kwa Kiswahili, na uniulize naye akiwa anasikia.

Safari hii nitajibu.

Babako akupendaye,
Benedikti